Kilele cha 1,670: amaidi au DMF?

SWALI: Nimeoksidisha nanotyubu za kaboni (mirija midogo mno) kwa asidi, nikazipitisha kwenye thionili kloridi, kisha nikazichanganya na oktadesilamini ndani ya DMF (kiyeyushi dimethilfomamaidi). Infraredi inaonyesha kilele karibu na 1,670 kwa sentimita, lakini poda haitawanyiki majini. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi wa uzamili, Kisumu

JIBU: Maji yasikusumbue. Oktadesilamini ina mkia wa kaboni 18 unaoyakimbia maji. Ukiwa umefaulu, poda itatawanyika kwenye klorofomu. Jaribu huko kwanza.

Kinachotutia shaka ni hicho kilele, unachokichukulia kuwa cha amaidi, yaani kifungo kati ya nanotyubu na amini. DMF yenyewe ina kabonili (kaboni iliyoungana na oksijeni) inayojitokeza papo hapo, na hung'ang'ania nanotyubu. Huchemka kwa nyuzi 153, kwa hiyo kukausha kwa nyuzi 60 bila pampu ya kuvuta hewa hakuimalizi. Chukua poda ambayo haijaonja thionili kloridi, itikise kwa altrasauti ndani ya DMF ileile, ioshe na kuikausha vilevile, kisha ipime. Kilele kikitokea, umekuwa ukipima kiyeyushi.

Kosa jingine huenda limo chupani. Kloridi ya asidi, ile inayotokana na thionili kloridi, ikikutana na maji hurudi kuwa asidi, na DMF hunywa unyevu wa hewa. Kando ya ziwa, chupa inayofunguliwa kila siku haikai kavu. Tena DMF iliyochakaa hutoa dimethilamini, amini ndogo na nyepesi inayowahi nafasi kabla ya yako. Utapata amaidi ya kweli, yenye naitrojeni ya kweli, ila si uliyoikusudia. Chupa ikinuka samaki, usiitumie. (Matone machache ya DMF kwenye hatua ya thionili kloridi hayana neno, huko ni kichocheo.)

Sisi tungeacha kiyeyushi kabisa. Oktadesilamini huyeyuka kwa nyuzi 50 na kitu. Mwaka 1998 kundi la Haddon, Marekani, lilipasha nanotyubu ndani ya amini iliyoyeyuka, nyuzi 90 hadi 100, kwa saa 96. Kabla ya hapo ondoa thionili kloridi yote kwa kuosha na tetrahidrofurani kavu, ndani ya kabati la kuvuta moshi, la sivyo itakula amini yako. Mwishoni osha kwa ethanoli ya moto mara 4 hivi: amini iliyozidi huenda nayo, nanotyubu hubaki kwenye chujio.

Ukishawishika kutumia diklorobenzini badala ya DMF, altrasauti iwe ya dakika chache tu. Ikirefushwa, kiyeyushi hicho huvunjika na kujiunga kuwa polima inayozipaka nanotyubu, na kuosha hakuibandui kirahisi.