Jibu: Meli ya utotoni, Queen Mary au Queen Elizabeth?

Habari ndugu. Umeuliza kuhusu meli mliyosafiri nayo utotoni: unakumbuka dohani (mabomba ya kutolea moshi) nyekundu zenye ncha nyeusi, ila hujui ilikuwa ipi kati ya meli mbili za abiria za Uingereza, Queen Mary na Queen Elizabeth. Anza na dohani: Queen Mary ina 3, Queen Elizabeth ilikuwa na 2. Kama idadi imekutoka, tafuta picha mliyopigwa sitahani. Dohani za Queen Mary zimeshikiliwa na nyaya nyingi; za mwenzake zilisimama bila nyaya. Shangazi yangu tulimtambulia meli yake hivyo, nyaya zilipita juu kidogo ya kofia yake. Ikiwa ni Queen Mary, nenda kaione kabisa: iko Long Beach, Marekani, tangu 1967. Queen Elizabeth, kwa masikitiko, iliungua Hong Kong 1972.