Keisi ya bei rahisi? Omba bisibisi kwanza

Muuzaji wa Kariakoo ataiweka keisi ya kompyuta, yaani kasha lake, juu ya kaunta, atachomeka umeme, feni ziwake rangi zote, na wateja wengi hapo hapo huanza kuhesabu pesa. Mimi huomba bisibisi.

Nafungua upande wa bati, siyo wa kioo. Huko nyuma ya madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, ndiko nyaya zinakofichwa, na ndiko watengenezaji wa keisi za bei ya chini wanakobania. Nataka nafasi ya sentimita mbili hivi kati ya bati la kufungia madabodi na mfuniko. Ule waya mnene wa pini 24 kutoka pawa saplai (kisanduku cha kugawa umeme) haukai kwenye nafasi ya sentimita moja. Mfuniko utavimba, na kila ukifunga utausukuma kwa goti. Tafuta pia tundu kubwa nyuma ya prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta. Siku ya kubadilisha feni ya prosesa yenye kishikilio cha nyuma, tundu hilo ndilo litakalokuepusha kung'oa madabodi nzima. Na kona ya juu kushoto, ukitazama upande wa kioo, pawepo kitundu cha waya wa umeme wa prosesa, la sivyo waya huo utakatiza juu ya madabodi.

Halafu pitisha kidole kwenye kingo za bati, polepole. Keisi nzuri kingo zake zimekunjwa. Mbaya zitakuchana, na bati lake ukilibonyeza katikati linabonyea.

Nyuma, penye nafasi za kadi za kuongeza, kama ya grafiki (ya picha), kuna vifuniko vinavyofungwa kwa skrubu na vile vya kuvunja. Vya kuvunja ukishaving'oa havirudi. Ukitoa kadi unabaki na dirisha la vumbi, na kwa nyumba zetu, la mende. (Msicheke, mafundi wanajua.)

Vipimo havina maneno mengi: madabodi ya ATX (saizi ya kawaida) ni milimita 305 kwa 244, ndogo ya micro-ATX ni 244 kwa 244. Kwa kadi ya grafiki, pima kutoka ukuta wa nyuma hadi wa mbele, kisha toa milimita 25 za unene wa feni ya mbele; kinachobaki ndiyo nafasi ya kadi.

Kwa joto la Dar, uso wa kioo kitupu siutaki hata kwa ofa. Hewa itapita wapi? Feni tatu zenye taa nyuma ya kioo kilichozibwa hazifikii mbili za kawaida nyuma ya wavu. Chini ya pawa saplai pawe na chujio la vumbi linalochomoka bila kulaza keisi. Wa Kigamboni na Mbezi Beach, karibu na bahari, kagueni sehemu zilizokatwa bila rangi, kutu huanzia hapo.

Kabla ya kulipa, ulizia kifuko cha skrubu na zile nguzo ndogo za shaba za kushikia madabodi. Mara nyingi kimefungwa ndani ya kikapu cha hard disk (diski ya kuhifadhia), na keisi iliyowekwa dukani kwa maonyesho huwa imeshakipoteza.