Kabla Hujamzamisha Tena Yule Tembo

Wadogo zangu mnaoandika na kuigiza masimulizi ya huku kwetu, naomba mnisikilize, maana uvumilivu wangu umefika ukingoni. Kila ninapoalikwa kutazama maonyesho ya vijana hapa Dodoma, dakika chache hazipiti kabla tembo hajaja kunywa maji, akanasa kwenye tope, akazama, na mji ukaitwa Dodoma, kutokana na neno la Kigogo la kuzama. Msanii hulitamba simulizi hilo kana kwamba amelifukua jana, ilhali hadhira yote inalijua tangu utotoni. Sauti mnazo, miili yenu inatii, na baadhi yenu mnaandika vizuri kuliko nilivyoandika nikiwa na umri wenu. Ndiyo maana naudhika.

Jambo la kwanza, basi, ni kutafuta toleo la pili. Simulizi la tembo lina mwenzake, lisemalo kwamba Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakala nyama, wakachomeka mikia kwenye tope, na wenye mali walipofika wakaonyeshwa mikia hiyo na kuambiwa kwamba mifugo yao imezama. Humo mna wizi, uongo, shibe, majirani wenye hasira, na mwigizaji anayelazimika kuvuta mkia huku akijifanya anamwokoa ng'ombe. Tembo hana hata mstari mmoja wa kusema. Anayempenda na aendelee naye, lakini ayapandishe matoleo yote mawili jukwaani, ayaache yagombane mbele ya watu.

La pili ni kusoma historia kabla ya kutia chumvi. Habari za hazina iliyofukiwa na Wajerumani mnazipenda sana, nami nazipenda pia. Kondoa ilitekwa na majeshi ya upande wa Uingereza mwezi Aprili 1916, Wajerumani wakajaribu kuirudisha mwezi Mei wakashindwa, kwa hiyo fununu za watu walioondoka wakiacha mali zina mahali pa kushika. Lakini wapo wanaoziamini hadi wakachukua sururu, na mashimo yamechimbwa karibu na mapango yenye michoro ya kale ya Kolo, huko huko Kondoa, ambayo ni urithi wa dunia tangu mwaka 2006, na ambako Mungomi wa Kolo bado ni mahali pa matambiko. Nimemtazama kijana mwenye kipaji akimalizia onyesho kwa kunyoosha kidole upande wa kaskazini na kunong'ona kwamba dhahabu ingali pale. Watu walishangilia, nami nilikuwa nawaza ni wangapi kati yao wana sururu nyumbani. Mkifika Kolo, msiimwagie michoro maji ili ionekane vizuri kwenye picha.

La tatu ni kuacha kuyageuza mauaji ya kweli kuwa kichekesho, na hapa siwezi kumnyooshea mtu kidole, kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Katika miaka ya 1940 huko Singida watu waliuawa kwa namna iliyofanana na mashambulizi ya simba, wakasakwa binadamu waliodaiwa kuvaa ngozi na kuua, na baadhi yao wakafikishwa mahakamani. Nilipoyasoma hayo nikiwa kijana, niliona vazi tu. Nikashona ngozi kwa gunia la katani, nikajifunza kutambaa, nikatunga kipande ambacho mwanamke anayetoka kuchota maji anamkimbia simba huku akiogopa kumwaga maji kuliko kufa. Dodoma mjini watu walicheka hadi wakashika mbavu. Nikakipeleka Singida, tena kijijini, nikiamini kwamba nawapelekea kilicho chao. Vijana waliokaa chini, mbele, walicheka. Nyuma yao, kwenye mabenchi ya shule, bibi mmoja alijifunika uso kwa pindo la khanga, akabaki hivyo, nami nikadhani anaficha kicheko. Kwa hiyo nikaongeza: nikashuka jukwaani, nikatambaa hadi kwenye benchi lake, nikanguruma. Hakupiga kelele. Aliinuka, mjukuu wake akamshika mkono, wakaondoka, na wazee wa benchi zima wakawafuata bila neno, hadi nikabaki nawaigizia watoto. Usiku mwenyeji wangu aliniambia kwamba mama yake yule bibi alitoka kuchota maji na hakurudi.

Asubuhi nilikwenda kuomba radhi. Nilipewa kigoda na uji, na bibi akazungumzia mvua na bei ya alizeti hadi nilipoaga. Onyesho hakulitaja, nami baada ya kutamka radhi sikuthubutu kulirudia. Jambo lile halikuwa mwiko kuliandikia. Ila nililipanga kuanzia vazi hadi kicheko bila kumwuliza hata mtu mmoja ambaye jamaa yake yumo ndani ya simulizi. Siku hizi kipande changu husomwa kwanza mbele ya wazee wa mahali husika, bila vazi wala kipaza sauti, na wanaponyamaza mahali nilipotarajia wacheke, nakifuta.

Yaliyobaki ni mafupi. Mtajeni aliyewasimulia, jukwaani na kwenye mswada. Pigeni hodi kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kutoa kinasa sauti. Msiifanye ngoma ya muheme, ambayo kwa Wagogo hupigwa na wanawake, kuwa kelele ya kuingilia jukwaani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazigusa pia sanaa za jadi, kwa hiyo isomeni kabla ya kuandika jina lenu peke yake kwenye kazi ya ukoo wa mtu.

Kuhusu fedha, mratibu akisema kwamba mtaelewana baada ya onyesho, mwombeni nauli ya kwenda na kurudi kabla hamjapakia vyombo kwenye basi. Posho ya mzee aliyewasimulia iandikwe kwenye bajeti katika mstari wake wenyewe, kwa jina lake, kwa sababu ikiwekwa chini ya "mengineyo" ndiyo itakayokatwa kwanza.