Kabla ya Kusugua Mwani kwenye Mimea ya Tangi la Samaki

Wewe unayeanza kufuga samaki wa mapambo pamoja na mimea hai, siku moja, pengine kabla mwezi haujaisha, utaona majani yamefunikwa na utando wa kijani, na mkono wako utakimbilia mswaki. Nakuomba usubiri kidogo. Utando huo ni mwani, nao huletwa na mwanga uliozidi na chakula kilichozidi majini, na ukiusugua bila kuyagusa hayo mawili, utarudi palepale baada ya siku chache.

Tangi langu la kwanza hapa Kisumu, la lita 60, nililiweka karibu na dirisha linaloelekea mashariki, kwa kuwa nilipenda jinsi samaki walivyong'aa asubuhi. Sisi tunaoishi karibu na ikweta hupata mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima, nami juu ya jua hilo niliwasha taa hadi wakati wa kulala. Isitoshe, niliwalisha samaki omena wa kusaga, konzi nzima kwa mara moja, na mabaki yakazama na kuoza kwenye changarawe, yakitoa fosfati na nitrati zinazoulisha mwani. Baada ya wiki tatu, majani ya anubiasi, ambayo hukua polepole mno, yalikuwa na madoa magumu ya kijani yasiyotoka hata kwa ukucha.

Nililihamisha tangi hadi ukuta usiopigwa na jua, nikapunguza taa hadi saa 7 kwa siku, na chakula nikakitoa kile tu ambacho samaki humaliza kwa dakika mbili. Kila wiki nilibadilisha robo ya maji, nikitumia maji ya bomba yaliyolala kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini ipungue. Niliongeza pia mmea wa majini uitwao valisneria, ambao hukua haraka na kuunyang'anya mwani chakula chake. Hapo ndipo kazi ya mikono ilipofaa: majani yaliyoharibika sana niliyakata kwenye shina lake, kwa sababu jani lililozeeka halipati tena uzuri wake, na mwani wa nyuzi niliuzungusha kwenye mswaki kama uzi kwenye kijiti, nikauvuta taratibu ukatoka mzima. Mabadiliko hayaonekani mara moja. Yatazame majani mapya yanayochipua, si yale ya zamani.

Ukiona utando wa kijani cha samawati, unaoteleza na kunuka vibaya, jua kwamba huo ni bakteria, si mwani, na dawa yake ni kuufyonza kwa mpira wa maji, kisha kulifunika tangi lisipate mwanga kwa siku tatu hivi. Dawa za kuua mwani sizipendekezi kwa anayeanza: mwani ukifa kwa wingi huoza na kumaliza oksijeni, na zile zenye shaba huua konokono na kamba. Sifongo ya chujio nayo isuguliwe ndani ya maji uliyoyatoa tangini, si ya bomba, maana klorini huua bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki.

Usichume mimea wala konokono ziwani kwa ajili ya tangi lako. Konokono wa pwani za Ziwa Victoria hubeba vimelea vya kichocho, na anayeingia majini kuwatafuta anaweza kuambukizwa kupitia ngozi kabla hata hajafika nyumbani.