Usifute picha za watu wazima kwa pupa

Ndugu, nimekuelewa: una jukwaa la picha, watangazaji wanakukimbia kwa sababu ya picha za ngono, na unataka kuzipiga marufuku zote wiki ijayo. Subiri kwanza.

Tazama Tumblr, mtandao wa kublogu na kuweka picha. Yahoo waliinunua mwaka 2013 kwa dola bilioni 1.1. Novemba 2018 Apple wakaiondoa kwenye duka lao la programu baada ya picha za unyanyasaji wa kingono wa watoto kupatikana humo. Desemba 17 marufuku ya Tumblr dhidi ya picha za ngono ikaanza. Programu yao ya kuchuja picha ikanasa hadi picha zisizo na uchi wowote, watu wakahama, na 2019 ikauzwa kwa bei iliyoripotiwa kuwa chini ya dola milioni 3. Ilishaanza kuyumba zamani, sikatai, ila marufuku ile haikuiokoa. OnlyFans, mtandao ambao watu hulipia kuona picha na video, nyingi za ngono, nao walitangaza marufuku Agosti 2021, wakiwalaumu mabenki, wakaifuta ndani ya wiki moja.

Pima kwanza: wageni wangapi wanafuata picha hizo? Wakiwa wengi, zitenge, hakiki umri, ondoa matangazo kwenye kurasa hizo. Soma mkataba wa kampuni inayokupokelea malipo. Hao wanaweza kukufungia pesa ghafla zaidi kuliko mtangazaji yeyote. Ukiamua kufuta, wape watu muda wa kupakua kazi zao, na rufaa zisikilizwe na binadamu, si programu.

Picha za ngono za watoto hazina mjadala. Ukiziona, ripoti polisi mara moja, usizitume kwa mtu hata kwa kuomba ushauri, na umwone mwanasheria siku hiyo hiyo.