Usipige Picha Poulnabrone Kabla Hujajua Mlango Wake Unatazama Wapi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro anayesoma Limerick, huku Ayalandi, alinitumia picha kumi na mbili za Poulnabrone, kaburi la kale la mawe, na swali: "Kaka, mbona zangu zinatoka kama meza nyeusi tu?" Nilizitazama zote. Mbingu nyeupe juu, mawe meusi chini, hayana sura. Nilizijua mara moja, maana nami ninazo za namna hiyo zaidi ya mia mbili, nilizozipiga miaka minne iliyopita.

Mara ya kwanza nilikwenda Julai, siku yangu ya mapumziko. Nahudumia wazee hapa Galway, zamu za usiku. Nilipanda basi la watalii, tukashushwa pale saa sita mchana, nikamshukuru Mungu kwa jua. Ukishuka unakutana na uwanda wa mawe ya chokaa, una nyufa kila hatua, na kwa mtu wa Tanga kama mimi ulinikumbusha miamba ya pwani maji yakiwa yamekupwa. Katikati yake limesimama kaburi: mawe mawili marefu mbele kama miimo ya mlango, na juu bamba la jiwe lenye urefu wa karibu mita nne, limelala kwa kuinamia nyuma. Lilipochimbwa mwaka 1986 yalipatikana mabaki ya watu zaidi ya 30, waliozikwa humo kati ya mwaka 3800 na 3200 kabla ya Kristo. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote ndani ya basi. Nikashuka, nikapiga, nikaondoka.

Picha niliyoiona bora nikaipeleka kwenye mashindano ya kikundi cha wapiga picha mjini. Mzee aliyekuwa akihukumu aliishika muda mfupi sana, akasema, "Umepiga mawe. Kaburi liko wapi?" Watu wakacheka. Mle chumbani nilikuwa mweusi peke yangu, na kile kicheko nakisikia hadi leo. Niliirudisha picha kwenye mfuko wake wa plastiki nikapanda basi la nyumbani, na kwa miezi mitano sikuigusa kamera.

Kilichoniamsha ni sentensi moja niliyoisoma usiku mmoja kazini, wazee wakiwa wamelala: mlango wa Poulnabrone unatazama kaskazini.

Fikiria hilo taratibu. Sisi tumezaliwa karibu na ikweta. Tanga jua linapita utosini, na zaidi ya nusu ya mwaka mchana linaegemea kaskazini. Linachomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima, kwa hiyo hatuna mazoea ya kulitafuta. Ayalandi jua halifiki utosini hata siku moja. Mchana liko kusini daima, na Desemba linapanda nyuzi kama 13 tu kutoka upeo wa macho kisha linaanza kushuka. Kwa hiyo saa sita mchana, Julai au Januari, jua lipo nyuma ya kaburi lile na uso wake umo kivulini. Ndiyo meza nyeusi yako, mdogo wangu. Kamera yako haina ubaya.

Lakini Juni jua huzama kaskazini-magharibi, baada ya saa nne usiku. Katika majira hayo, asubuhi mapema na jioni ya mwisho, mwanga unaingia kwa ubavu na kuugusa uso wa mlango.

Juni iliyofuata nilimwomba mfanyakazi mwenzangu, Mkenya, aniazime gari. Nilifika saa mbili usiku, bado kweupe kama alasiri ya kwetu. Katika kutafuta pa kusimamisha tripodi, stendi ya kamera, mguu wangu uliingia kwenye ufa hadi gotini, na kifundo kilivimba wiki mbili. (Vaa buti zinazoshika kifundo. Nasema tena, buti.) Nikaketi nje ya kamba iliyolizunguka kaburi nikingoja.

Mwaka 2020 wanasayansi wa vinasaba walieleza kwamba mmoja wa waliozikwa mle alikuwa mtoto mchanga wa kiume mwenye hali ya kuzaliwa nayo iitwayo Down, na kwamba alikuwa amenyonyeshwa. Mimi nina mpwa mwenye hali hiyo, yuko Tanga kwa dada yangu. Zamani watoto kama yeye walifichwa ndani, na wapo wanaofichwa hadi leo. Huyu wa Ayalandi, miaka zaidi ya 5000 iliyopita, alibebwa akalazwa kwenye kaburi la heshima. Nikawaza aliyembeba alipita vipi mlangoni. Lazima aliinama. Nikaishusha tripodi hadi usawa wa goti.

Ilipokaribia saa nne mwanga uligusa kwanza ukingo wa nguzo ya magharibi. Kisha ukatambaa usoni, na vile vishimo vidogo ambavyo mvua imevichimba kwenye chokaa vikajaa kivuli kimoja kimoja, na madoa meupe ya ukoga mkavu yakainuka kama uji uliorukia sufuria. Nilipunguza tundu la lenzi hadi f/11, nikapiga picha tisa tu.

Mwezi uliopita moja ya hizo tisa ilitundikwa kwenye maonyesho ya maktaba ya mji. Yule mzee wa mashindano alikuja, akasimama mbele yake muda mrefu, kisha akaniuliza, "Ulipiga saa ngapi?" Nikamjibu kwa sauti ya kutosha wote kusikia: saa nne kasoro robo usiku.

Basi nisikilizeni, ninyi mnaoniandikia kila wiki kuuliza lenzi gani mnunue. Mshahara wenu mnaupeleka dukani kabla hamjapeleka miguu yenu kwenye jiwe. Nunueni dira. Jueni mlango unatazama wapi, na jua la mwezi huo linazamia wapi, halafu rudini. Rudini tena. Na kumbukeni mahali pale ni kaburi: kwetu hupandi juu ya kaburi la mtu ukanyoosha vidole viwili, basi na huku usipande. Geti la mkulima ulilikuta limefungwa, lifunge. Newgrange, kaburi jingine la kale huku Ayalandi, ndani picha haziruhusiwi, kwa hiyo acha kamera ukae kimya.

Wewe wa Limerick, Juni iko mbali, usikae bure. Drombeg kule Cork ni duara la mawe, yamebaki 13 kati ya 17, na lenyewe limeelekezwa kwenye machweo ya Desemba. Unasimama kati ya yale mawe mawili marefu ya kaskazini-mashariki, ukielekea jiwe lililolala ng'ambo ya duara. Tarehe 21 jua linazama kabla ya saa kumi na nusu jioni. Siku hiyo sina zamu na sasa nina gari langu. Nitapita Limerick saa nne asubuhi. Njoo na buti, dira, na chai kwenye chupa.