Jibu: Vespa Super 150 inazima ikishapata moto

Mkuu, umesema skuta yako hapa Tanga inatoka Pongwe vizuri, inazima kabla ya Chumbageni, na ikipumzika robo saa inawaka kwa kiki moja. Usikimbilie kufungua injini.

Ikizima tu, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia "fsss" hewa ikiingia, tundu lake la hewa limeziba na petroli haishuki. Lizibue kwa sindano, kazi imekwisha. Kimya? Rudisha kifuniko, chomoa plagi, igusishe kwenye chuma cha injini, piga kiki. Cheche ikiwa nyekundu na dhaifu, mtuhumiwa wangu ni kondensa, kile kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme kinachokaa nyuma ya sumaku (lile gurudumu zito linalozungushwa na injini). Ikiwa ya baridi inafanya kazi, ikipata moto inakata. Yangu ilinitesa miezi miwili, fundi akanibadilishia kabureta nzima bila faida.

Sumaku itoe kwa pula, kile kifaa cha kuivutia nje, nyundo hapana, hata fundi akikuapia. Ukiwa humo humo safisha platini, zile ncha mbili zinazofunguka na kufunga kutoa cheche, maana chumvi ya bahari yetu hii inazila. Nafasi ya ncha hizo zikifunguka iwe kati ya milimita 0.3 na 0.5. Oili ya kuchanganya na petroli ni 2%, yaani mililita 20 kwa lita ya petroli. Wengine huku Ngamiani wanamimina kwa kukisia tu, moshi mtaa mzima!

Ikipona, Jumapili ilete Raskazone tuisikilize.